Njoo na Kopo Lako

Maua ya Klementina yalikuwa na kasoro moja: yalionekana. Mtu anayejificha apande matembele, apande mchicha, apande chochote cha kijani kinachofanana na cha jirani. Yeye alipanda kalendula, ua la rangi ya chungwa bivu, linalofumbuka jua likichomoza na kufumba kabla watu hawajapika cha jioni. Alilipanda Ujiji, uani kwa Mama Devota, kwenye makopo kumi na moja ya maziwa ya unga yaliyopangwa chini ya ukuta usiopigwa na jua la mchana. Mwaka ulikuwa 1997, na gari la matangazo lilikuwa likipita mtaa kwa mtaa kusema kwamba wakimbizi wote walio nje ya kambi wajipeleke wenyewe kabla hawajapelekwa.

"Yewe Klementina," Mama Devota alimwambia kila gari lile lilipopita, "hayo maua yako siku moja yatakutaja kwa jina."

Mama Devota alikuwa Muha wa Mwandiga, mjane, mwenye nyumba na mwenye mdomo, ila mdomo wake haukuwahi kufika serikalini. Alimpa Klementina chumba cha uani, akawaambia majirani kwamba huyo ni mtu wa ukoo wa marehemu mumewe, kutoka huko kusini mwa ziwa. Majirani walikubali kama watu wa Ujiji wanavyokubali mambo mengi, kwa adabu na bila kuamini. Nusu ya mji babu zao walitoka ng'ambo. Nani angeanza kuuliza? Klementina naye alijitahidi. Alijifunza kusema shikamoo, ambayo kwao Baraka, ng'ambo ya Kongo, hakuwahi kuisema, na akajizuia kusema "aksanti", asante ya kwao, mbele za watu. Zaidi ya hapo alinyamaza. Mwanamke asiyesema sana, Ujiji humwona ana heshima zake, na heshima hiyo ilimsitiri mwaka mzima.

Kambini Nyarugusu, kule upande wa Kasulu, walikuwapo wenzake wote waliovuka naye, na mahindi yaligawiwa, na hakuna aliyeshtuka akisikia gari. Kilichomfanya asiende kilikuwa kimoja tu, nacho kiliitwa Jean. Mwanawe huyo, aliyebaki peke yake kati ya watoto wanne, alikuwa fundi wa injini za boti. Siku walipokimbia Baraka, mtumbwi ulikuwa umejaa hadi maji yanaingia ubavuni. Jean alimwinua mama yake akamweka ndani, akausukuma mtumbwi kwa bega, akabaki amesimama majini hadi kifuani. "Nakuja na ya nyuma, mama," alisema. Boti ya nyuma ilikuja bila yeye. Ikaja nyingine, na nyingine. Tangu hapo, kila injini ikisikika kutoka upande wa Kongo, Klementina aliacha alichokuwa akifanya akateremka mwaloni, boti zinakotia nanga, kuangalia nyuso. Kambini hakuna ziwa. Jean akishuka Ujiji na kumkosa, angemtafuta wapi? Hilo ndilo lililokuwa linamshika pale, na kwa ajili ya hilo aliishi roho mkononi.

Maua nayo yalikuja kwa bahati, kama bahati ndilo neno. Miaka kumi na minne Klementina alitunza bustani ya dawa ya masista wa misheni. Sista mzee, mwanamke mkali mwenye mikono mikubwa, alimfundisha kuchuma kalendula asubuhi umande ukishakauka, kuchambua petali moja moja, na kuzianika kivulini juu ya shuka hadi zikivunjwa zitoe sauti. Jua likizipiga hupauka, na zikiwekwa na unyevu huota ukungu, na ukungu ndani ya mafuta ya kupaka ni balaa. Siku risasi ziliposikika, Klementina alikuwa akivuna mbegu. Wenzake walikimbia na redio, na magodoro, mmoja alikimbia na mlango. Yeye alijikuta kwenye mtumbwi na ncha ya kitenge imefungwa fundo, na ndani ya fundo mbegu zilizojikunja kama kucha za kuku.

Ujiji alizipanda ili mikono yake ipate kitu cha kufanya. Petali kavu alizilowesha kwenye mafuta ya mise, yale meupe yanayokamuliwa kutoka kwenye kokwa za michikichi, akakalisha bakuli juu ya sufuria ya maji kwenye moto mdogo mpaka mafuta yakageuka rangi ya asali. Akachuja kwa kipande cha kanga safi, akayeyushia nta aliyoipata kwa warina asali wa Mwandiga. Akampaka Mama Devota kwenye visigino vilivyopasuka. Kosa lake la kwanza lilikuwa hilo, kwa sababu Mama Devota alipona visigino akawaonyesha watu.

Basi wakaja, wakamwita Mama Maua. Walikuja wanawake waanika dagaa, vidole vimechanwa na chumvi na jua. Wakaja wenye watoto waliobabuka mapajani kwa nepi. Aliyeunguzwa kidogo na mvuke wa sufuria alikuja, mwenye midomo iliyokauka alikuja, na wasichana wakaja kwa sababu walisikia kwamba ngozi hulainika, jambo ambalo ni kweli. Mwenye vidonda vya mdomo alipewa petali za kuchemsha asukutue. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii methali ilichukuliwa kama ilivyo. Lakini Klementina alikuwa na mipaka yake, na mipaka hiyo ilikuwa ya sista mzee. Kidonda chenye usaha, hapana. Kidonda cha kina, hapana. Mtu mwenye homa aende hospitali. Na kila mtu mpya alipakwa kwanza nyuma ya mkono, akasubiri hadi kesho, maana wako watu ambao ua hilo huwawasha.

Sharti la mwisho lilikuwa lake mwenyewe: njoo na kopo lako. Hakuwa na vikopo vya kugawa, na Ujiji hakuna anayetupa kikopo. Cha losheni huwa cha samli, cha samli huwa cha sukari, kikipasuka mfuniko huwa cha kuchotea maji. Wanawake walikuja na vyao, vimeoshwa, naye akamimina mafuta yakiwa bado ya moto. Sharti jema kabisa. Hakuna aliyefikiri kwamba kopo linaweza kuja na mambo yake.

Wema alikuja siku ya gari la matangazo. Alikuwa binti wa Mzee Assani, mfanyabiashara wa mawese ambaye jina lake lilitosha kufungua milango kutoka Ujiji hadi Gungu, na mwezi uliofuata alikuwa anaolewa huko huko Gungu. Msichana mpole, mwenye aibu, anayeongea huku anatazama mlango. Mtihani wa nyuma ya mkono alikuwa ameshaupita. Alitoa kikopo cha krimu kwenye mkoba, akafungua mfuniko, akakinyoosha.

Klementina aliona. Tuseme wazi, kwa sababu yeye mwenyewe baadaye alisema wazi: aliona. Chini ya kikopo kulikuwa na krimu nyeupe, unene wa kidole kizima. Akakisogeza puani, akapata harufu aliyoijua tangu misheni, harufu kali inayokaa kooni. Hiyo ilikuwa krimu ya kujichubua, mkorogo wenyewe, zile zilizovuka ziwa kama wakimbizi walivyovuka, ila zenyewe hazikutafutwa na gari la matangazo. Wanawake wa Baraka walikuwa wakija kwa sista na nyuso zimebabuka kwa hiyo hiyo.

"Kuna kitu humu," Klementina alisema.

"Ni ya zamani, mama. Imekwisha. We mimina tu."

Barabarani kipaza sauti kilikuwa kinasema "nje ya kambi, nje ya kambi." Mbele yake alisimama binti wa Mzee Assani, na neno la Mzee Assani lingeweza kumweka Ujiji au kumtoa. Kumwambia binti wa watu kwamba anajichubua? Kumrudisha na kopo lake? Mwenye kujificha hakatai kitu, huo ndio ugonjwa wake. Klementina alimimina. Mafuta ya moto yaliyeyusha ile krimu, na kikopo kizima kikawa cha rangi moja nzuri ya siagi. Wema alifunga mfuniko, akashukuru, akaondoka mbio mbio. Klementina aliosha mikono mara mbili, na usiku huo hakula.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, Klementina akiwa anachambua petali, mlango wa uani ulifunguliwa bila hodi. Aliingia Mama Mwinshehe, shangazi yake Wema na somo wake, yaani ndiye aliyekabidhiwa kumweka mwari ndani, kumsinga na kumfundisha ya ndoa. Mwanamke mnene, mwenye manukato, ambaye kwa kawaida hata akija kukopa chumvi huja kwa kishindo. Siku hiyo alinong'ona.

"Mama Maua. Chukua dawa yako twende. Usiulize."

Chumba cha mwari kilikuwa na giza na moshi wa udi. Wema alilala kwenye mkeka, uso umegeukia ukutani. Klementina alimgeuza taratibu. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba, limevimba hadi kope hazionekani. Shavu lilikuwa limebanduka ngozi, jekundu, na juu yake ute wa njano uliokauka. Klementina aliweka kiganja kwenye paji la uso, akakitoa haraka. Msichana alikuwa anachemka.

"Aliwashwa, akajikuna," Mama Mwinshehe alisema. "Leo siku ya nne. Mpake."

"Hapana, mama."

"Nini?"

"Hii haiko kazi ya ua. Hii ni ya hospitali. Sasa hivi."

"Zimebaki siku sita harusi! Mwari hatoki nje. Watu wa Gungu wakisikia mwari wetu kaonekana barabarani na uso kama huu, watasema nini? Na kaka yangu akijua binti yake alikuwa anajichubua humu ndani, chini ya mkono wangu?" Sauti ilimkatika. Hapo Klementina alijua kwamba Mama Mwinshehe ameshaona kila kitu, krimu na kopo, na kwamba anaogopa kuliko anavyotisha. Lakini mtu mwenye hofu ndiye hatari. "Mpake, Mama Maua. La sivyo, neno langu moja tu, na lile gari litasimama kwenu kabla ya adhuhuri. Unadhani hatujui ulikotoka?"

Klementina aliketi ukingoni mwa mkeka. Mbele yake alimwona Jean akishuka kwenye boti, akiuliza, akijibiwa, "Alikuwepo, wamemchukua." Angeweza kupaka. Nani angemlaumu? Angepaka mafuta yake ya njano juu ya shavu lile, akaenda zake, na Mungu angejua la kufanya. Wema alinyoosha mkono akamshika ncha ya kitenge, kama mtoto anayeogopa kuachwa sokoni.

"Macho mawili, mama," Klementina alimwambia shangazi. "Akibaki humu, atakwenda Gungu na moja. Miye nimeona watu wa hivi. Nenda kaniseme. Lakini kwanza mpeleke."

Mama Mwinshehe alilitazama lile jicho lililofumba. Kisha alifanya biashara, maana alizaliwa na wafanyabiashara. Sawa, wataenda. Mzee Assani yuko Simbo kununua mawese hadi jioni, pikapu iko, dereva ataambiwa ni jino. Wema atavaa baibui na kufunika uso. Huko hospitali watasema kaumwa na nyuki, na Klementina atamshika mgonjwa, hatafungua mdomo. "Una siri yako, nina yangu," alisema. "Kila mtu afunike chungu chake." Kabla ya kutoka alichukua bakuli la manjano, yale ya kumsinga mwari, akampaka Wema uso mzima, juu ya shavu lile lile, hadi pasionekane wekundu. Wema alilia kwa jicho moja.

Kwenye benchi la hospitali aliketi mgambo, kidole gumba kimefungwa kitambaa chenye damu. Klementina alimtambua kabla hajakaa vizuri. Aliitwa Leodgar, na ndiye aliyekuwa akisimama nyuma ya gari la matangazo. Alimwamkia Mama Mwinshehe, akasogea kuwapisha. Klementina aliketi kati yake na Wema, akainamisha kichwa, akahesabu vigae vya sakafu.

Daktari Pastory alikuwa Muha mwembamba, macho mekundu kwa kukesha. Chumba chake kilitenganishwa na benchi kwa pazia tu. Aliinua ukaya wa Wema, akaona manjano.

"Mwari huyu?"

"Mwari, daktari, naomba asioshwe uso," Mama Mwinshehe alisema. "Mila zetu unazijua. Kaumwa na nyuki jana, hapa karibu na jicho. Mmoja tu."

Daktari alikuwa mtu wa heshima, na heshima ndiyo ilimponza. Hakutaka kumvunjia mwari mila yake. Alibonyeza uvimbe kwa kidole juu ya manjano, Wema akaguna. Akapima homa, akakunja uso, akatazama foleni nje ya pazia. "Nyuki wengine huleta homa," alisema, akaanza kuandika. "Nitampa vidonge vya kupunguza uvimbe. Kama siku ya tatu hakuna nafuu, mrudisheni."

Siku ya tatu. Klementina alisikia kalamu ikikwaruza karatasi. Alijua siku tatu ni nini kwa jicho kama lile. Alishamshikia sista mzee taa wakati wa kuosha nyuso za namna hiyo, na mmoja wao alitoka pale na shimo. Mama Mwinshehe alimkazia macho. Nyuma ya pazia Leodgar alikohoa. Mficha maradhi, kilio humuumbua, ndivyo wanavyosema wenyeji, ila hapa maradhi yalikuwa ya mmoja na kuumbuka kwa mwingine.

"Daktari," Klementina alisema. "Haiko nyuki."

Kalamu ilisimama.

"Ni krimu ya kujichubua. Siku ya nne sasa. Chini ya hayo manjano ngozi imetoka, na kuna usaha. Muoshe utaona."

"Anasema nini huyu!" Mama Mwinshehe alisimama.

"Miye ndiye niliyemmwagia mafuta," Klementina aliendelea. Lafudhi ya Baraka ilimtoka yote, kila neno na ng'ambo yake. "Alikuja na kopo, ile krimu iko ndani. Niliona. Nilinusa. Nikanyamaza, nikamwaga mafuta ya moto juu yake, vikachanganyika. Kosa ni langu kabla ya kuwa lake."

Daktari Pastory aliweka kalamu chini. Alichukua pamba na maji ya chumvi, akamwosha Wema mwenyewe. Manjano yalipotoka, alivuta pumzi. Akaita nesi, akaita mwenzake mkubwa, na kwa dakika chache chumba kilijaa watu wanaoongea kwa kifupi. Kitanda, sindano, chupa ya maji. Mama Mwinshehe alikuwa ameketi sakafuni, analia kwa sauti, na safari hii hakuna aliyemwambia anyamaze kwa ajili ya watu wa Gungu.

Wema alipokwisha kupelekwa wodini, daktari alimrudia Klementina na faili mkononi. Hakuwa na ukali. Alitaka kujua kila kilichokuwamo kwenye yale mafuta, aandike. Mise, alimwambia. Nta. Na ua la kalendula.

"Ua gani? Kalendula? Huku kwetu silijui."

Swali lilikuwa dogo, la kitabibu, na pazia lilikuwa pazia tu. Klementina angeweza kusema ni ua la porini. Lakini alishaficha mara moja juu ya kopo lile lile, na matunda yake yalikuwa wodini.

"Mbegu zilitoka Baraka," alisema. "Na miye pia. Naitwa Klementina. Nakaa Ujiji, kwa Mama Devota."

Daktari aliandika. Nje ya pazia benchi lililia, mtu akiinuka.

Leodgar alikuja siku ya tatu, kidole kimefungwa bandeji nyeupe. Alikuja kwa miguu, gari aliliacha kona. "Shikamoo mama," alisema, akabaki anatazama makopo ya maua. "Nilisikia. Ningependa nisingesikia." Alisema gari litachukua watu wa nyumba nyingine mbili kwanza, basi anao muda wa kufunga mzigo. Mama Devota alimtukana kwa Kiha, matusi marefu yenye kupumzika katikati, naye Leodgar aliyapokea yote kofia mkononi. Alikuwa Muha, hakukosa hata moja.

Mzigo wa Klementina haukumaliza hata nusu ya muda huo. Alitaka kuchukua mbegu, lakini maua yalikuwa bado mabichi, hakuna lililokuwa limekauka. Hilo ndilo lililomliza, watu wakadhani analilia chumba. Alimwambia Mama Devota, "Akija kijana mrefu, ana kovu la moto wa injini kwenye mkono wa kulia, mwambie." Akapanda gari. Lilipopanda kilima cha kutoka mjini, ziwa lilionekana kwa nyuma, jeupe na tupu, na yeye alilitazama hadi shingo ikauma.

Habari alizipata huko kambini vipande vipande, kwa watu waliofuata. Wema alilala hospitali siku tisa, jicho likafumbuka na linaona. Mzee Assani aliposikia yote hakumpiga mtu. Alikaa kimya wiki nzima, na watu wa nyumba yake walisema afadhali angepiga. Harusi ilisogezwa. Watu wa Gungu walinung'unika, kisha wakaja, wakala pilau, kama watu wa harusi wanavyofanya. Mama Mwinshehe hakupeleka neno lolote kwa mtu yeyote. Klementina alilifikiria jambo hilo mara nyingi akiwa kwenye foleni ya mahindi. Hakuna aliyemsaliti. Mdomo uliomtoa Ujiji ulikuwa wake mwenyewe, na kila akitafuta namna ambavyo angeufunga, aliona lile jicho. Hakujuta. Lakini kutojuta hakukumpunguzia kitu. Usiku alisikia injini ambazo hazikuwapo.

Wema alikuja Nyarugusu mwezi wa tano tangu hapo. Aliomba kibali, mumewe akamsindikiza hadi getini akabaki huko kwa adabu. Alikuwa amenenepa kidogo. Chini ya jicho la kushoto ilibaki alama nyeusi, pana kama ukucha wa dole gumba, naye hakuipaka poda. Alipiga magoti, akaamkia, kisha akatoa kikopo kwenye mkoba. Kikopo cha krimu, saizi ile ile.

Klementina alikipokea. Hakufungua mazungumzo, hakuuliza hali ya nyumbani. Alifungua mfuniko, akakiinua hadi puani, akanusa. Akanusa tena, taratibu, macho yamefumba. Wema alingoja amepiga magoti, wala hakuona vibaya.

"Nimekichemsha mara tatu, mama," alisema.

"Naona," Klementina alisema, ndipo akatazama ndani. Kikopo kilikuwa kimejaa mbegu zilizojikunja kama kucha za kuku. Mama Devota aliyaacha maua yakauke, Wema akachuma.

Klementina alizigusa kwa kidole, akazichanganya, akazigusa tena. Kulikuwa na swali alilokuwa nalo tangu alipomwona msichana akiingia, na alilizungusha kwanza kwenye mambo mengine. Hapa kambini kuna baridi ya asubuhi, alisema. Ua hili linapenda baridi, huenda likakubali kuliko Ujiji. Wema aliitikia. Kisha akalijibu lile ambalo hakuulizwa.

"Kila boti, mama. Kila ninaposikia injini nateremka, mume wangu kanizoea. Nawaambia wote: akitokea Jean fundi wa injini, mwenye kovu la mkono wa kulia, mama yake yuko Nyarugusu, na njia ni hii. Nawatazama mmoja mmoja usoni." Aliinamisha kichwa. "Bado hajaja."

Klementina alimshika kidevu akauinua uso wake kwenye mwanga, kama alivyofanya siku ile chumbani kwa mwari. Jicho la kushoto lilikuwa safi, jeupe palipo peupe na jeusi palipo peusi. Ziwani Klementina hakuwa na macho mengine tena isipokuwa hayo mawili.

"Aksanti," alisema kwa sauti, bila kuangalia nani anasikia. Akamimina mbegu kwenye ncha ya kitenge, akafunga mafundo mawili, akaenda na Wema nyuma ya hema kutafuta sehemu yenye kivuli.